Mstari wa Pili Ndani ya Kofia ya Baba

Habari ya kifo cha Mwalimu wangu ilinikuta Wadi Kabir, hapa Maskati, gereji, nimekalia kiti cha plastiki nikimsubiri fundi aje kuniambia uongo mwengine kuhusu breki zangu. Ilikuja kwa ujumbe wa sauti katika kundi la ukoo, kundi ambamo siku nyingine zote hupitishwa maua ya Ijumaa na dawa za kisukari zisizotibu kitu. Sauti ilikuwa ya binti yake: "Mama katutoka asubuhi hii. Maziko baada ya adhuhuri, inshallah. Na msipige makelele, mwenyewe kakataza." Hata kufa, kafa na kanuni zake. Nikalia hapo hapo, na fundi akadhani nalilia gari, akanituliza kwamba litapona. Wasomaji wangu wa kila wiki mnajua sipendi kuandika taazia, kwa sababu nchi hii, kama nchi zote, watu wake wema wako makaburini tu. Ukisoma taazia utashangaa kwani hawa waliobaki walilelewa na nani. Basi marehemu wangu simpambi. Alikuwa mkali, alikuwa bahili wa sifa, na aliwahi kusema uongo mmoja mbele ya wazee, macho makavu. Huo uongo ndio ulionisomesha, na ndio nitakaousimulia.

Alikuwa mwalimu wa skuli ya shamba huko Unguja, ndani ndani kwenye mikarafuu, skuli ya vyumba viwili iliyochukua watoto wa vijiji vitatu. Alifika Maskati mwaka 1964, mwaka ambao wengi wetu tulifika, na wengi wetu tulikuja na tulichokishika mkononi wakati wa kutoka. Wanawake wengine walikuja na dhahabu waliyoshonea kwenye nguo. Yeye alikuja na binti yake wa miaka minane, makasha mawili ya chaki, na daftari la mahudhurio la skuli yake. Afisa wa forodha, ambaye hakuwahi kuona chaki, alimuuliza ni kitu gani hiki. Mwalimu akamtazama, akaona kwamba neno "skuli" halitomfikisha mbali, akamjibu kuwa ni dawa ya tumbo. Yule bwana akavunja kipande, akakitafuna taratibu, akakiri kwamba kweli kinakausha, akampitisha. Mwalimu akiisimulia hadithi hii hakuwa akicheka. Alikuwa akisema tu kwamba yule afisa ndiye mtu wa kwanza yeye kumfundisha humu Oman, na kwamba mwanafunzi huyo alikuwa mtiifu.

Mume wake alikuwa mtoto wa kaka yake baba yangu, na kama vijana wengi wa wakati ule alipitiliza Kuwait kutafuta kazi, kwa kuwa hapa kazi ilikuwa haipo. Mke na mtoto akawaacha kwetu Bustan. Siku hizi ukisema Bustan watu wanafikiria hoteli na harusi za watu wenye nazo. Wakati ule kilikuwa kijiji cha nyumba chache za mawe na za barasti, yaani makuti ya mtende, baina ya mlima na maji, na ukitaka kwenda Maskati unapanda mashua, au unapanda mlima kwa miguu na unajuta. Skuli haikuwepo. Maskati nzima skuli ilikuwa moja ya wavulana, na kwa wasichana palikuwa na chuo cha Kurani, kisha jiko. Baba alikuwa mkubwa wa nyumba. Alikuwa mtu mwema, na nasema hivyo bila ya kejeli ingawa mtanishuku. Kurani aliihifadhi nusu nzima kwa moyo, lakini herufi za aina yoyote zilikuwa zinampita kama wageni wasiotoa salamu. Na juu ya wasichana na kalamu alikuwa na msimamo ambao niliusikia mara nyingi mpaka nikaweza kuuimba: mwanamke akijua kusoma, sawa, atasoma msahafu, lakini akijua kuandika, basi atawaandikia wanaume barua.

Wiki ya pili tu baada ya kufika, Mwalimu alimuomba ruhusa awafundishe watoto wa kike wa kijijini japo saa moja kwa siku. Baba alimsikiliza mpaka mwisho, kwani alikuwa na adabu. Kisha akasema, mbele ya ndugu zake wawili waliokuwa wamekaa barazani, "Mwanangu, mimi nimekupokea kwa mikono miwili, na nyumba hii ni yako. Lakini nnaapa mbele ya hawa: siku nitakayosikia mtoto wa kike wa nyumba hii kashika kalamu akaandika, utanitafutia nyumba nyengine ukae." Mwalimu akasema, "Taibu, ami." Hakuwa na nyumba nyengine. Mumewe alikuwa Kuwait analala chumba kimoja na wanaume saba, kwao Unguja hakurudiki, na binti yake alikuwa kashaanza kikohozi cha baridi ya mlimani. Mtu yeyote mwenye akili angekaa kitako akashukuru. Yeye alingoja siku tatu, siku ya nne akamuuliza baba kama angependa kushonewa kofia.

Hapa lazima nieleze, kwa faida ya vijana wanaonunua kofia zao zimeshonwa kwa mashine na wanaziita za mkono. Kofia yetu, ambayo hapa wenyeji wanaiita kumma, ina duara la juu na mkanda wa pembeni, na kila kimoja ni vitambaa viwili vyeupe vilivyolazwa pamoja. Kabla ya kutia sindano unachora nakshi juu ya kitambaa kwa penseli, mstari kwa mstari, tundu kwa tundu. Ukishona, penseli inafunikwa, ukifua, inatoka. Wanawake wetu walikuja na kazi hii kutoka Unguja na ilikuwa mtu hawezi kuikataa, maana ni kazi ya kike, ya heshima, ya kukaa ndani. Baba alifurahi. Alisema ndiyo hasa, wasichana wajifunze kitu cha maana. Akapanda mashua akaenda sokoni Matrah, na akarudi na bafta, nyuzi, sindano, na penseli kumi na mbili. Nazikumbuka penseli zile, zilikuwa nyekundu. Mtu aliyekula kiapo kwamba hatutashika kalamu ndiye aliyezichonga kwa kisu chake mwenyewe, moja moja, akatugaia.

Tulikuwa wasichana saba. Asubuhi tukitoka chuoni tunakaa uani kwenye mkeka, vitambaa mapajani, na Mwalimu mbele yetu na chaki zake za tumbo na ubao ambao mbele za watu ulikuwa ubao wa kukatia vitambaa. Nakshi ya upande wa nje tulichora maua na nyota. Upande wa ndani, ule unaogusa kichwa, tulichora herufi za kizungu, zile zile alizokuwa akiwafundisha watoto wa mikarafuuni, kwa kuwa ndizo alizosomeshea maisha yake yote. Mwanzo sote tulianzia kulia, kama tulivyozoea chuoni, akatugonga vidole kwa rula. Kisha tunazishona, uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe. Usipokisogeza kitambaa kwenye mwanga huoni chochote. Hesabu tulizifanya kwa matundu, na alikuwa haachi kosa. Tundu moja likizidi anafumua safu nzima mbele yako huku unalia. Sikumbuki hata siku moja aliniambia nimefanya vizuri. Alikuwa akisema, "Endelea," na tukitoka pale tunajiona tumevishwa taji. Baada ya mwaka mmoja wanaume wa Bustan, wale wale waliosema kalamu haimfai mtoto wa kike, walikuwa wakienda msikitini wamevaa kichwani mazoezi ya binti zao. Wengine walivaa irabu. Bwana mmoja mkali sana, Mungu amrehemu, alivaa jedwali la mara saba lenye makosa mawili.

Mimi nilikuwa na miaka tisa na kiburi cha mtu wa miaka arubaini. Tulipofikia sentensi, Mwalimu alitupa amri: kila mmoja ashone kofia ya Idi ya baba yake, ndani mstari wa kwanza jina la baba, mstari wa pili sentensi ya kutunga mwenyewe, fupi, yenye heshima. Wenzangu walitunga "Baba ni mwema" na "Nampenda baba." Mimi nikaandika: "Baba hataki nisome. Nnasoma." Nikaishona kwa mkono wangu bora, nikamaliza jioni ya kuamkia Idi, nikaificha Mwalimu asiione mpaka ikawa imeshafuliwa na kupigwa wanga. Tazama basi. Barua ya kwanza niliyomuandikia mwanamume, niliiandika kwenye kofia ya baba yangu.

Mume wa Mwalimu alikuwa kaja likizo ya Idi. Baada ya sala wanaume wamekaa barazani, mimi nimeshika sinia la halua, baba anaisifia kofia yake kwa kila anayeingia. Akaivua akampa mtoto wa kaka yake aione kazi ya nyumba hii. Yule naye, kama mtu yeyote anayejua kofia, akaigeuza ndani na kuinyanyua kwenye mwanga wa mlango kuangalia mshono. Nikaona macho yake yanakwenda kushoto kulia, kushoto kulia. Kwa wanaume wote wa baraza ile ni yeye peke yake aliyesoma herufi zile. Akakohoa. Akanitazama mimi, akalitazama pazia la mlangoni ambalo mkewe alikuwa amesimama nyuma yake na birika la kahawa, kisha akasema, "Ami, pana jina lako humu." Baba akauliza, "Limeandikwa na nani?" Ndugu wawili waliosikia kile kiapo walikuwepo, mmoja kulia mwa baba na mmoja kushoto. Nilijua, kwa uhakika kabisa, kwamba Mwalimu na mtoto wake wamepoteza nyumba, na sababu ni mimi.

Mwalimu akajitokeza, kajitanda vizuri. "Nimeandika mimi, ami," akasema. "Mlisema mtoto asiandike, hamkusema mimi nisiandike. Kofia zinachanganyika msikitini, nikaona nitie jina isije ikapotea." Baba akaichukua kofia akaileta karibu na uso. "Jina langu ni lipi?" Mwalimu akaonesha kwa kidole. Baba akapitisha kidole chake juu ya uzi, polepole, kutoka mwisho hadi mwanzo, akarudia. "Na huu mstari wa pili?" Mume wake akainamisha kichwa akawa anahesabu nyuzi za mkeka. Mwalimu hata hakumeza mate. "Hiyo dua," akasema. "Dua ya nani?" "Ya mtoto kwa baba yake." Baba akaitazama kwa muda mrefu kidogo, akaivaa, akaikaza kwa mikono miwili, akaniambia niendelee kugawa halua. Toka siku ile kofia nyengine hakuitaka. Alikwenda nayo msikitini, alikwenda nayo kuzika na kuozesha, na mtu akimsifia husema ina dua ndani. Mimi kila nikimuona nayo nilikuwa naumwa na mbavu, nusu kwa kicheko na nusu kwa aibu. Mwalimu alinipa adhabu ya kushona irabu tano mara mia moja, na akaniambia kitu kimoja tu: "Ulichoandika kweli. Lakini nyumba si yako peke yako."

Baada ya Idi hiyo baba akaanza tabia mpya iliyotukera sana. Kila Jumatano baada ya alasiri alikuwa anatutoa uani, anatutuma kisimani hata kama mitungi imejaa, ati anataka kukagua kazi. Anabaki na Mwalimu, na mama yangu akikaa nao kwa heshima. Sisi tulikuwa na hakika anatupeleleza, anatafuta ushahidi wa pili. Tulikuwa tukipita nyuma ya ukuta tunamsikia anasema, "Huu mshono umekaa vibaya," na Mwalimu anamjibu kwa sauti ile ile aliyotufokea sisi, "Rudia." Tuliona ajabu Mwalimu kumfokea baba, lakini tulidhani mambo ya kofia ndivyo yalivyo. Mambo hayo yalidumu kiasi, kisha yakafa yenyewe, na hatukuyataja tena.

Mwaka 1970 ukaja na Sultani mpya, nchi ikageuka, na mnajua hadithi hiyo kwa sababu mnasomeshwa kila mwaka. Lisilosomeshwa ni vipi watu walivyogeuka nayo. Ilipotangazwa skuli ya wasichana, wa kwanza kujipanga mlangoni walikuwa wale wale waliokuwa wakisema kalamu haimfai, na kila mmoja alikuwa akielezea jinsi alivyopigania jambo hili tangu zamani. Nilishangaa sana kujua kwamba tulikuwa na wapiganaji wengi hivyo na bado tulichelewa. Baba hakuelezea kitu. Alivaa kanzu safi, alivaa kofia yake, akanipandisha mashua pamoja na Mwalimu na binti yake. Mlangoni palikuwa na karani na fomu na kidau cha wino wa dole gumba, kwa kuwa ndivyo wazee wote walivyokuwa wakitia sahihi. Karani akamsogezea kidau. Baba akasema, "Mimi nnaandika." Akavua kofia mbele ya watu, akaigeuza ndani nje, akaiweka juu ya meza pembeni ya fomu, akashika kalamu kama mtu anayeshika kisu cha kuchinjia. Akaandika jina lake. Mstari ukaisha. Nikashusha pumzi, kumbe mapema. Akashuka chini, akaandika na wa pili, herufi kwa herufi, wote.

Kwa hiyo ombi langu la kuingia skuli, lililowekwa sahihi na mzazi wangu, linasema: Baba hataki nisome. Nnasoma. Karani alisoma Kiarabu tu. Akaona kuna maandishi, akaheshimu, akagonga muhuri. Nilimgeukia Mwalimu, na uso wake ulikuwa mkavu kama siku ya forodha. Hadithi hii nimeisimulia maisha yangu yote. Nimeisimulia kwenye harusi, kwenye mikutano ya wanawake, na niliwahi kuisimulia mbele ya waziri, akacheka mpaka akafuta miwani. Jinsi tulivyomzunguka mzee. Jinsi alivyotia sahihi asichokijua, maskini, akidhani ni dua.

Mwalimu naye aliomba kazi katika skuli hiyo. Wakamwambia, kwa upole, kwamba masomo yote ni kwa Kiarabu, Kiarabu chake ni cha sala na sokoni, na cheti chake hakuna anayeweza kukisoma. Alikuwa kafundisha miaka kumi na sita. Wakamtafutia nafasi ya kumstahi: mwalimu wa ushoni. Nilikwenda kwake na hasira za msichana wa miaka kumi na tano, nikamwambia asikubali, ni dharau. Alikuwa anachagua sindano. "Kazi naijua," akasema. Akashonesha pale mpaka alipostaafu, na juzi matangani nilimsikia mama mmoja akimueleza jirani yake kwamba marehemu alikuwa fundi wa kofia, hakusoma sana lakini alikuwa na mkono mzuri. Nilitaka kumjibu. Nikakumbuka amri ya kutopiga makelele.

Siku ya tatu ya matanga binti yake aliniita chumbani. Sisi wawili tulikalia mkeka mmoja miaka ile yote, na yeye peke yake bado ananiita dada. Alikuwa kashika daftari la mahudhurio, lile lililotoka shamba. Kurasa za mwanzo ni majina ya watoto wa mikarafuuni, vema kwa kila siku waliyokuja, mpaka ukurasa ambao vema zinakatika katikati ya wiki na kubaki viboksi vitupu. Hakuna maelezo. Ukurasa unaofuata, kwa mwandiko ule ule, wino mwengine, ni sisi wa Bustan. Alikuwa akituita majina kimoyomoyo kila asubuhi na sisi hatujui. Mbele ya kila jina kaandika neno lake la ualimu, kama wakaguzi walivyotaka. Mbele ya binti yake: "Aongeze bidii." Mbele ya jina langu nilitafuta sifa ambayo nimeisubiri miaka hamsini na kitu. Ilikuwa neno moja: "Anajiona."

"Soma mpaka chini, dada," akaniambia. Tulikuwa saba, lakini majina yalikuwa manane. La nane lilikuwa la baba yangu. Vema zake ziko kwenye Jumatano tu, baada ya ile Idi. Kuna Jumatano alizokosa, na hizo Mwalimu kazitilia sifuri nyekundu bila ya kumuonea haya mkubwa wa nyumba. Vema zinakwisha mwaka mzima kabla ya karani na kidau chake. Na mbele ya jina, kwa mwandiko ule mdogo ulionyooka: "Herufi nzito. Hesabu hataki. Mstari wa pili anausoma mwenyewe."

Nilikaa chini nikalia kwa sauti, kanuni za Mwalimu na zivunjike. Baba alijua. Alikaa na kofia ile kichwani miaka yote anajua nimemuandikia nini, akaenda nayo msikitini, na kiapo chake mbele ya ndugu zake hakukivunja kwa mdomo kwa sababu mtu wa namna yake hawezi. Akangoja apate kalamu na karatasi na muhuri, akayaandika maneno yangu kwa mkono wake na kuyawekea jina lake juu. Mama yangu alikaa nao kila Jumatano, naye kaenda na siri hiyo kaburini. Mwalimu alinisikia nikiisimulia hadithi mbele ya waziri, alikuwa mstari wa mbele, na akapiga makofi na wengine. Sasa mnaniuliza funzo, kwani safu hii mmeizoea hivyo. Funzo ni kwamba kabla ya kumcheka mtu kwa asichokijua, muulize kwanza mwalimu wake. Mimi nilikuwa na mwalimu huyo huyo, na sikumuuliza.